Wasikilizaji wa Hadithi katika Lodwar na Kakuma

Watu wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Hawakosei, maana mambo hayo yamo. Lakini yako mambo mengine yasiyoandikwa katika mikataba, nayo yana umri mkubwa kuliko falme nyingi. Moja katika hayo ni kusikiliza hadithi. Mtu asimuliaye hadithi hukumbukwa, na pengine jina lake huandikwa. Lakini wale walioketi mbele yake, wakacheka, wakaguna, wakaukataa mwisho wake na kwenda nyumbani wakiibishania njiani, hao husahauliwa. Katika insha hii nataka kueleza habari za watu hao waliosahauliwa, nami nimechagua mahali pawili katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya: Lodwar, ulio mji mkuu wa kaunti hiyo, na Kakuma, iliyo umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar kwa njia iendayo Lokichoggio.

Jambo lililonifanya niandike ni kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya Lodwar. Asubuhi moja niliingia darasani nikakuta kelele kama za mnada wa mbuzi. Vijana walikuwa wakigombana juu ya malkia mmoja aliyeuteketeza mji kwa moto wa joka lake, na juu ya kijana kiwete aliyetawazwa kuwa mfalme. Malkia huyo na kijana huyo hawakuwamo katika kitabu chetu. Walikuwamo katika mchezo wa televisheni uitwao Game of Thrones, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani na kuonyeshwa kwa mfululizo tangu Aprili 2011. Sehemu yake ya mwisho, ambayo ni ya 73, ilikuwa imetolewa tarehe 19 ya mwezi huo. Vijana waliipata kwa njia wanayoijua wao: mmoja alikwenda dukani kunakiliwa sehemu hiyo kwa bei ndogo, kisha wenzake wakaitazama katika simu yake, vichwa sita juu ya kioo kimoja. Nilikasirika. Niliichukua simu ile, nikawaamuru wote waliokuwa wakibishana waokote takataka uwanjani katika jua la saa sita, nikawaambia kwamba mambo ya majoka ni upuuzi wa watu wavivu.

Jioni yake kijana mmoja alinijia kwa adabu, akasema, "Samahani, Mwalimu. Juma lililopita ulitufundisha habari za Lokerio aliyelipasua ziwa kwa fimbo yake. Tulibishana kipindi kizima kama ni kweli au si kweli, nawe ulifurahi ukatusifu. Je, Mwalimu, joka lina kosa gani ambalo fimbo haina?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Na tuanze na huyo Lokerio. Alikuwa emuron mkuu wa Waturkana katika karne ya kumi na tisa. Emuron ni mwaguzi, mtu aonaye yaliyofichika kwa ndoto na kwa alama nyingine, ambaye zamani aliwaambia vijana ni njia gani waifuate waendapo vitani na ni mnyama wa rangi gani achinjwe kabla ya safari. Yasimuliwa kwamba siku moja Lokerio aliwaongoza vijana wake mpaka ukingoni mwa ziwa kubwa ambalo leo laitwa Ziwa Turkana, akayapiga maji kwa fimbo yake, maji yakagawanyika, nao wakavuka kwa miguu mpaka upande wa mashariki wakateka ngamia. Wanahistoria waliokusanya habari za wazee wa Turkana, kama John Lamphear aliyetoa kitabu chake mwaka 1992, hawakuitupa hadithi hii kwa sababu ya maajabu yake. Waliona kwamba ndani ya maajabu yamo mambo ya kweli: kwamba Waturkana walikuwa wakienea, kwamba walitamani ngamia wa majirani zao, na kwamba katika zama hizo ngimurok, yaani waaguzi hao, walipata nguvu kubwa juu ya vijana wa vita.

Iko hadithi nyingine iliyo kuu kuliko hiyo, nayo inahusu hasa nchi ya Kakuma. Ni hadithi ya Nayeche, mwanamke wa kabila la Wajie ambao kwao ni Karamoja katika Uganda. Yasemwa kwamba fahali mmoja wa rangi ya kijivu, jina lake Engiro, alipotea akateremka magenge kuelekea mashariki. Nayeche alizifuata nyayo zake mpaka akafika katika bonde la mto Tarach, akamkuta fahali amenenepa, na nchi ina malisho na matunda ya mwituni. Vijana wa Kijie waliokuja kumtafuta fahali waliiona nchi ile, wakaipenda, wakakaa. Hao ndio mwanzo wa Waturkana. Mto huo Tarach, ambao maji yake huja kwa mvua na kutoweka mvua ikiondoka, ndio upitao Kakuma hata leo.

Hapa msomaji aangalie jambo moja. Hadithi ya Nayeche husimuliwa pande zote mbili, na Wajie na Waturkana, lakini wasikilizaji si wale wale. Kwa Wajie ni habari ya watu na ng'ombe walioondoka; kwa Waturkana ni habari ya mwanzo wao. Wale husikia hasara, na hawa husikia faida, ilhali nyayo ni zile zile za fahali yule yule. Na pengine, watu wa pande hizo mbili wakiwa wamekosana kwa sababu ya malisho au wizi wa mifugo, wazee huikumbusha hadithi hiyo ili kusema, "Sisi ni watoto wa nyumba moja." Basi msikilizaji si gunia linalotiwa maneno. Ndiye aamuaye hadithi itatumika kwa kazi gani.

Nimesema hayo kwa sababu wageni wengi wameandika kwamba neno Kakuma, kwa Kiswahili, maana yake ni mahali pasipo kitu. Mwanafunzi asomaye insha hii na aifungue kamusi yake alitafute neno hilo, hatalipata. Si neno la Kiswahili hata kidogo. Lakini uvumi huo umerudiwa magazetini mara nyingi, kana kwamba nchi ile haikuwa na watu wala habari kabla ya wageni kuifikia. Kumbe bonde lile lilikuwa na hadithi yake, na wasikilizaji wake, zamani sana kabla ya gazeti la kwanza.

Sasa na tuone yaliyotokea picha za sinema zilipoingia Afrika ya Mashariki. Katika mwaka wa 1935 ulianza mpango mmoja wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na msimamizi wa kazi ya filamu alikuwa Meja Notcutt. Kwa muda wa miaka miwili zilitengenezwa filamu 35, juu ya mambo kama safura, kodi, na kuweka fedha katika benki ya posta. Filamu hizo zilichukuliwa kwa gari zikaonyeshwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mpango ukaisha mwaka 1937, na filamu zilizosalia hata leo ni chache mno.

Baadaye, mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake, na mkuu wake alikuwa William Sellers, ambaye hapo kwanza alifanya kazi ya afya Nigeria. Bwana huyu na wenzake walishika imani moja kwa nguvu sana: kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuielewa filamu ya kawaida. Kwa hiyo, walisema, picha ziende polepole. Mtu akitoka mahali fulani aonekane akitembea mpaka afike. Na zaidi ya yote, pasiwe na hila za kamera, yaani pasiwe na mtu wa kutoweka ghafula, au kuruka angani, au kitu kidogo kuonekana kikubwa. Waliogopa kwamba mtazamaji atachanganyikiwa. Maana yake ni kwamba filamu za maajabu zilihesabiwa kuwa nzito mno kwa mtu wa Afrika, mtu ambaye bibi yake alimlea kwa hadithi za sungura asemaye na zimwi amezaye kijiji kizima!

Ushahidi wao ulikuwa wa namna gani? Uliojulikana zaidi ulisimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London mwaka 1961. Alisema kwamba afisa mmoja wa afya alitengeneza filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Filamu ilikwenda polepole sana: mtu aliokota kopo, akamwaga maji, akaliweka kopo mahali pake. Watazamaji zaidi ya thelathini walipoulizwa walichokiona walijibu, "Kuku." Wenye filamu walishangaa, maana hata wao hawakujua kwamba mlikuwamo kuku. Waliitazama tena kwa makini, wakaona kwamba katika pembe ya chini kuku mmoja alishtuka akaruka kwa muda wa nukta moja hivi. Kutokana na hilo ilielezwa kwamba mtu asiyezoea picha hawezi kuiona picha nzima.

Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Watu wale walikuwa wafugaji wa kuku na wachotaji wa maji. Kumwaga kopo hakukuwa jambo la kumshangaza mtu yeyote. Katika filamu ile nzima, kitu kimoja tu kilitokea bila kupangwa, na kitu hicho ni kuku aliyeshtuka. Wao walikiona, na mtengenezaji mwenyewe hakukiona. Je, ni nani aliyekuwa kipofu hapo? Afisa aliuliza, "Mmeona nini?" akitaka jibu alilolitia yeye mwenyewe. Alipopewa jibu jingine aliandika kwamba wasikilizaji hawana akili. Nami nalisema hili kwa aibu, maana ndivyo nilivyofanya darasani mwangu mwaka 2019. Niliuliza swali moja, vijana walikuwa na jibu la swali jingine, nami nikawapeleka juani.

Turkana yenyewe haikuguswa sana na mambo hayo. Waingereza walipoishinda nchi hiyo, baada ya miaka mingi ya mapigano ambayo Ebei, kiongozi wa vita, na Loolel Kokoi, mwaguzi, walikuwa miongoni mwa wakuu wake, wilaya ilifungwa, na mgeni hakuweza kuingia bila ruhusa. Umbali huo ndio ulioifanya iwe mahali pa kuwaweka wafungwa wa siasa: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, akakaa hapo mpaka 1961. Katika mwaka huo wa 1961 njaa kubwa iliishika Turkana, na wamisionari wakaanza kuingia pamoja na chakula cha msaada. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini ilianza kwa watu wa Nairobi na jirani zake. Miaka mingi ilipita kabla mtu wa Lodwar hajaketi nyumbani mwake kuitazama.

Mabadiliko makubwa yalifika Kakuma mwaka 1992. Mwaka huo walifika maelfu ya vijana wa Sudan ya Kusini ambao vita iliwatenga na wazazi wao. Walikuwa wametembea kwa miguu mpaka Ethiopia, na vita ilipozuka huko wakatembea tena mpaka wakaingia Kenya. Kambi ikafunguliwa kwa ajili yao. Baada yao walifuata watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, hata leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani yake ina watu zaidi ya laki mbili. Watu hao walikuja na hadithi zao. Mkongo alikuja na zake, Msomali na zake, Mdinka na zake; na Mturkana mwenye nchi alikuwa na zake tangu zamani za Nayeche.

Katika mwaka wa 2001 shirika liitwalo FilmAid, ambalo lilianza mwaka 1999 kati ya wakimbizi wa Kosovo, lilianza kuonyesha sinema Kakuma. Kitambaa kikubwa kilitundikwa kwenye lori, na giza likiingia watu waliketi mchangani kwa mamia na kwa maelfu. Msomaji ataona kwamba jambo hili lafanana na lile la mwaka 1935: ni gari, ni kitambaa cheupe, ni filamu za mafunzo ya afya zikitangulia na filamu za kufurahisha zikifuata. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa. Wakimbizi wenyewe walifundishwa kushika kamera na kutengeneza filamu zao. Yule aliyeulizwa zamani, "Umeona nini?" sasa aliweza kumwuliza mwenzake swali hilo hilo.

Pamoja na hayo, vilienea vibanda vya video. Hivi ni vyumba vya mabati vyenye viti virefu na televisheni moja mbele, ambamo mtu hulipa fedha kidogo kutazama mpira au filamu. Katika vibanda vya Afrika ya Mashariki ilizaliwa kazi mpya ambayo Sellers hakuiota, nayo ni kazi ya msimuliaji wa filamu. Dar es Salaam alipata sifa Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kampala walitokea wengi wafanyao kazi hiyo kwa Kiganda. Na Kenya alijulikana DJ Afro. Watu hawa hawafasiri maneno tu. Filamu ya Kichina au ya Kimarekani ikiendelea, msimuliaji huwapa watu wa filamu majina mapya, huwatania, huwaonya, humlaumu mwenye tamaa na kumhurumia aliyeonewa. Kwa ufupi, huketi mahali pa mzee wa kando ya moto. Tena wasikilizaji nao hujibu kwa sauti, kama walivyojibu wazee wao.

Basi na turudi kwenye mchezo wenye sehemu nyingi. Hadithi ya namna hii ina tabia yake: hukatwa mahali pa hatari, na msikilizaji huachwa na njaa mpaka sehemu inayofuata. Hila hiyo si ya televisheni. Katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, Shahrazadi aliyaokoa maisha yake kwa kuikata hadithi kila alfajiri, hata mfalme akashindwa kumwua kwa kutaka kujua yaliyobaki. Na msikilizaji aliyengojeshwa hujiona kuwa ana haki. Mwaka 1893 mwandishi Mwingereza, Arthur Conan Doyle, alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi zilizokuwa zikitoka gazetini. Wasomaji walighadhibika, yasemekana zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua gazeti hilo. Miaka kumi baadaye mwandishi alilazimika kumfufua. Kadhalika mwaka 2019, watu zaidi ya milioni moja walitia saini zao wakidai kwamba sehemu za mwisho za Game of Thrones zitengenezwe upya, kwa kuwa hawakuridhika nazo. Hazikutengenezwa upya. Lakini kelele za darasani mwangu zilikuwa tone moja la mvua hiyo.

Baada ya kijana yule kunijia, nilimrudishia mwenzake simu, nikatenga kipindi kimoja, nikawaambia wabishane mbele yangu kwa utaratibu. Lazima niseme kwamba mchezo ule una mambo mengi yasiyowafaa vijana, na sikuwashauri wala siwashauri wasomaji wangu wautazame. Lakini nilitaka kujua wameona nini, nami nilijifunza mengi.

Kwanza, katika mchezo ule kuna hofu kubwa ya majira ya baridi yatakayodumu miaka mingi. Nilidhani kijana wa Lodwar, ambaye hajaiona theluji, hataelewa hofu hiyo. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo si baridi. Hiyo ni akamu." Akamu ni majira ya kiangazi kwa Kiturkana. Alieleza kwamba watu wa mchezo ule huhesabu akiba, huhama, na hugombana na jirani kwa kuwa wajua majira mabaya yaja na hawajui yatadumu muda gani. Darasa lote lilikubali. Hawakuhitaji kuambiwa theluji ni nini.

Pili, waligawanyika juu ya kijana kiwete aliyetawazwa. Katika sehemu ya mwisho wakubwa wa nchi walimchagua yeye kwa hoja ya kuwa hadithi yake ilizipita hadithi za wote, naye aweza kuyaona mambo yaliyopita na yaliyofichika. Wengi walizomea. "Hakupigana, hakuteka, hakufanya lolote!" walisema. Ndipo kijana wangu wa fimbo na joka akasimama, akasema kwamba mtu yule si mfalme bali ni emuron, na kosa la mchezo si kumheshimu bali ni kumpa kiti kisicho chake. Alikumbusha kwamba Ebei alikuwa mtu wa vita na Loolel mtu wa ndoto, kila mmoja na kazi yake. Mwingine alimjibu kwamba Lokerio aliwaongoza vijana wa vita kwa uwezo huo huo wa kuona, basi mbona isiwezekane? Nilikaa kimya nikawaacha. Mwaka mzima nilikuwa nimejaribu kuwafundisha kwamba mamlaka yana namna nyingi, nikawaandikia ubaoni, wakanakili bila kuniuliza. Siku hiyo walilifundishana jambo hilo wao kwa wao, kwa sababu ya joka.

Nakumbuka jambo jingine pia, la Kakuma. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu nilifundisha huko muda mfupi. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo msichana ambaye wenzake walimtania kwa kuwa hakubali kutazama sehemu ya mwisho ya mchezo wowote. Hufuata mchezo mpaka karibu na mwisho, kisha huacha. Nilimwuliza sababu. Alijibu, "Mimi napenda zinazoendelea, Mwalimu. Mama yangu husema kwamba hapa tunapita tu. Alianza kusema hivyo kabla mimi sijazaliwa." Kisha akacheka, akaenda zake. Sikuandika maneno hayo siku ile, wala sikuyaona kuwa ni historia. Sasa naona kwamba yangefaa kuandikwa katika kitabu chochote kielezacho habari za kambi ile, pamoja na hesabu za mahema na magunia ya unga.

Je, nimelijibu swali la kijana wangu? Nadhani nimelijibu kwa sehemu. Fimbo ya Lokerio na joka la televisheni si kitu kimoja. Habari ya Lokerio imebeba kumbukumbu ya watu waliokuwako kweli, na mwanahistoria aweza kuipima kwa kuilinganisha na ushahidi mwingine. Joka limetungwa na mwandishi mmoja wa Marekani, na tena limeuzwa kwa faida. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwanafunzi wa historia asiisahau. Lakini kwa upande wa msikilizaji, mambo mawili hayo yako karibu sana. Yeye huyapokea yote kwa akili ile ile. Huyapima kwa mambo aliyoyaona kwao, huyakataa yasiyo ya haki, na huyatumia kujadili jambo ambalo pengine hakuthubutu kulijadili kwa jina lake. Nilikosea nilipodhani kwamba upuuzi wa hadithi, kama upo, ni lazima uwe upuuzi wa aisikiaye. Ndilo kosa la watu wa filamu wa zamani, ambao walikuwa na kamera nzuri na hawakumwona kuku.

Nawaomba basi ninyi wanafunzi mfanye kazi ndogo. Mtakapomsikia mzee akisimulia habari za zamani, au mtakapoketi katika kibanda cha video, angalieni mara moja nyuma yenu. Nani anacheka, na anacheka wapi? Nani amenyamaza? Nani anasema kwamba mwisho huo si wa haki, na anataka uweje? Andikeni na tarehe. Miaka hamsini ijayo mchezo wenyewe utaweza kupatikana kwa urahisi, maana kampuni huhifadhi mali yake. Lakini yale yaliyosemwa na watu wa Lodwar na Kakuma walipoutazama hayatapatikana popote, isipokuwa katika daftari lenu.